Baiskeli msituni Karura: mwongozo kamili kwa anayeanza na kwa aliyezoea vibaya

Jumamosi moja asubuhi, wakati nikidhani naujua msitu wa Karura kama ua wa nyumbani, niliingia kwenye kona kwa kasi. Nyuma ya kona alikuwepo mtoto wa kike, hajafika miaka mitano, amechuchumaa katikati ya njia akitazama siafu wakivuka. Nilikamata breki zote mbili, gurudumu la nyuma likaserereka, nikasimama hatua mbili tu kutoka kwake. Baba yake hakunitukana. Alimwinua mwanawe, akamweka begani, akanitazama, akaenda zake. Nilipogeuka niliona gurudumu langu limechimba mfereji wa urefu wa mtu kwenye udongo mwekundu. Nilirudi pale baada ya mvua mbili, nikakuta mfereji umekuwa mkondo wa maji.

Mtoto yule na mfereji ule ndio walionifundisha upya kuendesha baiskeli. Yote yaliyomo humu yanatoka kwao.

Ujue msitu kwanza

Karura iko kaskazini mwa jiji la Nairobi. Ukubwa wake ni takriban hekta 1,000, na ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Limuru Road na Kiambu Road zimeukata vipande vitatu: Sigiria upande wa magharibi, Karura yenyewe katikati, na kipande kingine ng'ambo ya Kiambu Road. Humo mna njia zinazofika kilomita 50 hivi. Baadhi ni barabara pana za murram ambazo hata gari la askari wa msitu linapita, nyingine ni vijia vyembamba vinavyojipinda kati ya miti. Njia panda zina vibao vyenye namba. Hizo namba zishike sana, nitazirudia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huu ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaingia na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa wakijaribu kupanda mti, naye akapasuliwa kichwa. Alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hata baada ya hapo, wengi waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya majambazi, hadi uzio wa umeme ulipowekwa na maskauti wa jamii wakaanza doria pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kusikia mpanda baiskeli akimfokea mzee anayetembea, eti amemzibia njia. Njia ile ipo kwa sababu kuna watu walikubali kuumizwa kwa ajili yake.

Mageti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Usitegemee kulipa kwa pesa taslimu, hakikisha simu ina chaji na ina salio. Lango A liko kando ya Limuru Road, Lango C upande wa Kiambu Road. Kama huna baiskeli, zipo za kukodi ndani, jambo linalokuondolea taabu ya kuomba makanga wa matatu akupakilie yako juu ya keria. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote nchini tangu Juni 2020, kwa hiyo beba maji kwenye chupa ya kujaza tena.

Siku nzuri ya kuanza ni siku ya kazi, au Jumapili kabla ya saa mbili asubuhi. Kuanzia saa tatu familia zinaingia, na njia pana zinajaa watoto, mbwa na watu wanaosherehekea. Wana haki yao. Wewe ndiye unayepaswa kupanga muda wako.

Baiskeli na kofia

Huhitaji baiskeli ya bei ya pikipiki. Unahitaji matairi yenye meno na upana wa inchi 2 au zaidi, breki mbele na nyuma, gia nyepesi za kupandia, na ukiweza, shokapu za mbele. Black Mamba naiheshimu, imesomesha watoto wengi kwa kubeba maziwa na magunia ya viazi. Ila ile ni baiskeli ya barabara. Breki zake za fito zikilowa hazikamati vizuri, nayo ni nzito mno kuinua juu ya gogo.

Kofia ngumu vaa tangu langoni. Ukingo wa mbele ukae juu ya nyusi kwa kadiri ya vidole viwili, mikanda ifanye umbo la V chini ya sikio, na kamba ya kidevuni iache nafasi ya kidole kimoja. Ukitikisa kichwa na kofia ikacheza, kaza tena. Glavu na miwani ni vya msaada pia: matawi ya vijia vyembamba yako usawa wa macho.

Kabla hujatoka, kagua hivi. Shika gurudumu la mbele, litikise kushoto na kulia. Likicheza, lina nati au klipu iliyolegea. Inua baiskeli sentimita kumi, iachie idunde, usikilize: chochote kinacholia kama njuga kimelegea. Zungusha pedali kinyume na utazame mnyororo. Ukiwa na kutu au umekauka kabisa, tia oili tone tone kwenye kila pingili, kisha futa ya juu kwa kitambaa, maana oili ikibaki nje inakusanya vumbi na kusaga meno ya gia.

Sasa breki, na hapa naomba usiwe na haraka. Kwa kawaida, baiskeli zilizotengenezwa kwa soko letu zina breki ya mbele mkono wa kulia, kama Uingereza. Nyingi za mitumba zilizotoka Marekani au bara la Ulaya zina breki ya mbele mkono wa kushoto. Niliwahi kukodi baiskeli mahali fulani bila kupima, nikashuka mteremko, nikabana mkono niliodhani ni wa nyuma, nikatua kwa bega. Kipimo chake hakichukui hata nusu dakika: ukiwa umesimama chini, sukuma baiskeli mbele kisha bana mkono mmoja. Gurudumu la nyuma likitaka kuinuka, hiyo ndiyo breki ya mbele. Rudia mara tatu mpaka mkono wenyewe ukumbuke.

Upepo wa tairi ndio kosa la wengi. Mafundi wengi wa mtaani hujaza hadi tairi linakuwa gumu kama jiwe, kwa kuwa barabarani hivyo ndivyo inavyofaa. Msituni tairi gumu linaruka juu ya mizizi na kuteleza. Kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye matairi ya tyubu, anza na psi 28 mbele na 32 nyuma. Ukiwa mzito ongeza mbili au tatu, ukiwa mwepesi punguza. Ukishusha sana, tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, ipasuke matundu mawili sambamba. Kama huna kipimo, bonyeza tairi kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote: libonyee kidogo tu, kama embe linaloanza kuiva.

Kiti nacho kina kimo chake. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamishia sehemu pana ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hicho ndicho kimo cha kupandia milima. Kwa miteremko mikali kishushe sentimita tatu hadi tano.

Mvua ikinyesha, je?

Hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Udongo wa Karura ni ule mwekundu wa nyanda za juu, uliotokana na miamba ya volkano. Ukiwa mkavu unashika tairi vizuri ajabu. Ukilowa unakuwa kama sabuni juu, na chini yake kama unga uliokandwa. Gurudumu likipita linaacha mfuo. Mfuo unashika maji, maji yanatafuta mteremko, yanabeba udongo, na mizizi inabaki wazi. Wiki inayofuata watu wanaukwepa ule mfuo kwa kupita kando, kando nako kunachakaa, na kijia kilichokuwa na upana wa hatua moja kinakuwa na upana wa gari. Nimeliona hili likitokea kwenye kijia kimoja katika msimu mmoja wa masika.

Kwa hiyo, kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, fanya kipimo hiki kabla ya kuingia kijia chembamba. Kanyaga udongo kwa kisigino, ubonyeze. Kikididimia zaidi ya unene wa soli, rudi. Kama tayari unaendesha, tazama tairi la mbele: tope likijaa kati ya meno na lisiruke, hiyo ni ishara ileile. Hamia barabara za murram, ambazo zina changarawe na zinakauka upesi, au ngoja siku moja au mbili za jua. Chini ya miti mirefu hukauka polepole kuliko unavyodhani, hata kama langoni ni vumbi.

Ukikuta dimbwi lisilokwepeka, pita katikati yake, taratibu, bila kubana breki. Najua utalowa miguu. Ukizunguka pembeni umelipanua, na atakayekuja nyuma yako atalipanua zaidi. Kama hujui kina chake, shuka, pima kwa kijiti, sukuma.

Kuendesha kwenyewe

Safari ya kwanza isizidi kilomita 8 au 10. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na aliyetoka Mombasa wiki hiyohiyo atahisi pumzi inamkatika kwenye mlima mdogo tu. Piga picha ramani iliyo langoni. Anza na barabara pana, fuata namba za vibao, na kila unapopita namba itamke kwa sauti. Ukipotea, rudi kwenye namba ya mwisho unayoikumbuka.

Kwenye kupanda, badilisha gia kabla mlima haujakubana. Ukingoja mpaka miguu imeshindwa, mnyororo unalia na unaweza kukatika. Sogea kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua karibu na usukani, zungusha pedali kwa mwendo mmoja. Gurudumu la nyuma likianza kuteleza, kaa chini, usisimame.

Kwenye kushuka ni kinyume chake: inuka kwenye kiti, pedali zote mbili ziwe usawa mmoja, viwiko na magoti vikunjike, makalio yasogee nyuma kidogo. Macho yatazame unakotaka kwenda, mita kumi mbele. Ukikodolea mzizi, utaugonga mzizi. Kidole kimoja au viwili vikae kwenye kila breki wakati wote.

Jinsi ya kubana breki ndiyo inayotenganisha anayetunza njia na anayeichimba. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, ila inataka ibanwe polepole, kama unayekamua limau, na baiskeli ikiwa imenyooka. Ya nyuma inasaidia. Gurudumu la nyuma likijifunga na kuserereka, umeshapoteza mamlaka juu yake na umeshachimba. Basi punguza mwendo kabla ya kona, ungali umenyooka, halafu achia breki upite kona ukibingirika. Jizoeze kwenye eneo tambarare la murram: endesha, chagua jiwe, simama sawasawa nalo bila gurudumu kuserereka. Fanya mara ishirini. Inachosha, lakini baada ya hapo mwili unajua.

Mizizi, hasa ya mikaratusi, ipitie kwa pembe ya mraba ukiwa umeinuka kwenye kiti. Mzizi uliolowa na uliolala kwa mshazari huangusha hata wazoefu. Na ile ngazi ya kuteremkia maporomokoni na njia ya kwenda kwenye mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau, ziendee kwa miguu. Funga baiskeli juu, shuka, utulie kidogo. Pale si mahali pa magurudumu.

Kupita watu

Kanuni ni moja: anayetembea ana haki kabla yako, na anayepanda mlima ana haki kabla ya anayeshuka. Kaa kushoto, pita kulia, kama barabarani. Ukifika mita 20 nyuma ya mtu, punguza mwendo, gonga kengele mara moja, kisha tumia mdomo. "Samahani mama, napita kulia kwako." Mtu wa makamo mwite mzee, kijana mwite kaka au dada. Ngoja akusikie. Wengi huvaa vipokea sauti masikioni, na ukimpita kwa ghafla ataruka upande uleule unaoupitia. Ukishapita, sema asante. Mkiwa kundi, wa kwanza aseme mko wangapi: "Nyuma yangu wako watatu." Anayesikia hivyo hatarudi njiani akagongwa na wa pili.

Watoto hawana mstari. Ukimwona mtoto, endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea au shuka kabisa. Mbwa wanatakiwa wawe na kamba, lakini si wote walio nayo. Mbwa akikukimbilia, simama, shuka, weka baiskeli kati yako naye, zungumza na mwenyewe kwa upole. Ukimkimbia atakukimbiza.

Kona usiyoiona mwisho wake, ipite kana kwamba kuna mtoto amechuchumaa nyuma yake. Mimi sina njia nyingine ya kulieleza hili.

Wanyama wapo wengi kuliko mgeni anavyotarajia. Kima wanazoea watu upesi, basi usiwape chakula wala usiache mfuko wazi. Mbega weusi kwa weupe walirejeshwa humu kutoka Kipipiri, Nyandarua. Ukiwasikia juu, simama utazame bila kupiga kelele. Paa na pongo huchomoka kichakani alfajiri, nao hukatiza njia bila kutazama. Siafu wakivuka, inua baiskeli uwapite juu, au ngoja.

Pancha

Beba tyubu ya akiba inayolingana na gurudumu lako, pampu ndogo, vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi, viraka, solusheni na kipande cha msasa. Funguo za alenki zinatosha kwa mengine.

Toka njiani kabisa kwanza. Kama ni gurudumu la nyuma, weka mnyororo kwenye gia ndogo kabla ya kulichomoa. Toa upepo wote, ingiza kijiti cha kwanza mkabala na valvu, kikunje ukikinase kwenye spoki, cha pili kiteleze kuzunguka rimu. Vuta tyubu. Ijaze upepo, ipitishe polepole karibu na shavu: shavu huhisi pumzi ndogo ambayo sikio halisikii. Ukipata tundu, ilinganishe tyubu na tairi ili ujue mwiba uliingilia wapi. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowapa pancha ya pili baada ya mita mia. Zungusha kidole ndani ya tairi taratibu, ukiwa umekivisha soksi, kwa sababu mara nyingi ni kipande cha chupa na kitakukata. Kitoe kwa kukisukuma kutoka ndani kwenda nje.

Kwangua kwa msasa pale penye tundu mpaka mng'ao uondoke. Paka solusheni nyembamba, pana kuliko kiraka, kisha subiri dakika tatu au nne, ikauke hadi isinate kidoleni. Anayebandika ikiwa mbichi atarudia kazi. Bandika, kandamiza kwa nguvu. Jaza tyubu upepo kidogo ili isijipinde, anza kuirudisha kwenye valvu, malizia tairi kwa vidole gumba. Vijiti usivitumie kurudishia, vinabana tyubu. Kabla ya kujaza, zunguka pande zote mbili uhakikishe tyubu haijachungulia.

Ukianguka, na ukirudi

Aliyeanguka msimwinue upesi. Muulizeni jina lake, leo ni siku gani, anaumwa wapi. Akichanganyikiwa, akitapika au akilalamikia shingo, abaki alipo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199 bila malipo, na polisi kwa 999 au 112. Hapo ndipo namba ya kibao inapookoa maisha: "tuko msituni" haimfikishi mtu, "tuko kati ya namba hii na namba hii" inamfikisha. Mtu mmoja aende njia panda awapokee. Hata kama aliyegonga kichwa anajisikia salama, asiendeshe tena siku hiyo, na kofia iliyogonga isitumike tena.

Nyumbani, tope liache likauke kisha liondoe kwa brashi na ndoo ya maji. Usielekeze maji ya nguvu kwenye ekseli wala kwenye mhimili wa pedali, yanasukuma grisi nje. Kausha mnyororo, tia oili.

Mti ukiwa umeanguka njiani, usifungue kijia kipya cha kuuzunguka. Shuka, beba baiskeli juu ya gogo, na ukifika langoni mwambie askari: mti umelala kati ya namba fulani na fulani. Mara nyingi nimerudi wiki iliyofuata nikakuta gogo limekatwa, vipande vimewekwa kando, na katikati njia ni ileile, kwa upana wake uleule wa hatua moja.